Diski ni Nafuu, Kasha Ndilo Ghali

Hifadhi ya mtandao ni kompyuta yenye diski kadhaa, iliyochomekwa kwenye swichi, ambayo kazi yake ni kupokea faili za kompyuta nyingine na kuzirudisha zinapotakiwa zikiwa kama zilivyowekwa. Ofisi nyingi hununua kifaa hicho kikiwa tayari ndani ya kasha lenye chapa, kwa bei inayozidi mara kadhaa bei ya diski zilizomo. Gharama hiyo inaepukika. Kwa michoro ya kasha iliyotolewa wazi, vipuri vya kawaida na programu huria, taasisi yenye fundi mmoja makini inaweza kujijengea hifadhi ya makumi ya terabaiti kwa fedha isiyozidi sana bei ya diski zenyewe. Lakini ujenzi huo una sharti lake: fedha inayookolewa kwenye kasha si faida mpaka inunue nakala ya pili. Anayejenga hifadhi nafuu moja na kurudisha chenji mfukoni amepunguza ulinzi wa data zake. Anayejenga mbili kwa bei iliyokuwa ya moja ameuongeza.

Pesa huishia wapi

Hesabu hii ilionyeshwa hadharani na kampuni ya Backblaze ya California, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007. Kampuni hiyo iliuza huduma ya kutunza nakala za kompyuta za watu kwa dola 5 kwa mwezi, bila kikomo cha ukubwa. Kwa mapato hayo, hakuna hifadhi iliyokuwa sokoni ambayo ingeiacha na faida. Wahandisi wake wakajenga ya kwao, na Septemba 2009 wakatoa mchoro wake kwa yeyote aliyeutaka: vipimo vya kasha la bati lililopakwa rangi nyekundu, orodha ya vipuri na bei ya kila kimoja, na namna ya kupitisha nyaya. Kifaa hicho, walichokiita Storage Pod, kilibeba diski 45 za terabaiti 1.5 kila moja, jumla ya terabaiti 67, na kiligharimu dola 7,867.

Ndani yake hamkuwa na kipuri cha kifahari. Ubao mama na prosesa vilikuwa vya kompyuta ya mezani, na rami ilikuwa gigabaiti 4 tu. Diski zilisimama wima juu ya vibao tisa, kila kibao kikibeba diski tano na kuzipeleka kwenye kadi kwa kebo moja. Mfumo endeshi ulikuwa Debian, ambao ni huria, na diski ziligawanywa katika makundi matatu ya diski 15. Katika kila kundi, nafasi ya diski 13 ilibeba data na ya diski mbili ilibeba hesabu za kufidia. Kifaa kilizungumza na ulimwengu wa nje kwa njia moja tu, itifaki ya HTTPS ambayo kila kivinjari huitumia. Mambo ambayo wauzaji wa seva huyasifia hayakuwamo: hakukuwa na pawasaplai ya akiba wala kidhibiti cha pili, na kubadilisha diski kulihitaji kulivuta kasha kutoka kwenye raki na kulifungua kwa juu.

Backblaze ilipiga hesabu kwa petabaiti moja, yaani terabaiti 1,000. Diski tupu zingegharimu dola 81,000. Zikiwa ndani ya Storage Pod, dola 117,000. Kwa hesabu hiyo hiyo, bidhaa za makampuni makubwa zilianzia zaidi ya dola 800,000 na nyingine zilivuka milioni mbili. Hesabu hiyo ilikuwa ya vifaa peke yake, bila mishahara ya waliovijenga na walioviandikia programu, kwa hiyo si haki kuitumia kana kwamba ndiyo gharama kamili. Jambo inalolithibitisha ni jingine: zaidi ya theluthi mbili ya fedha ya Storage Pod ilikwenda kwenye diski, wakati kwenye bidhaa za chapa diski zilikuwa sehemu ndogo ya bei.

Tofauti hiyo si wizi. Mnunuzi wa kasha lenye chapa hulipia vidhibiti viwili vinavyopokezana, majaribio ya kiwandani, leseni za programu, vipuri vinavyoletwa usiku, na mtu wa kupigiwa simu. Yote hayo yana thamani kwa benki ambayo hifadhi yake haiwezi kusimama hata dakika tano. Kwa kituo cha redio kinachotunza kanda zake, maktaba inayopiga picha hati za kale, au idara ya chuo yenye data za utafiti, dakika tano hata saa tano za kusimama zinavumilika. Kisichovumilika kwao ni kupoteza. Kusimama na kupoteza ni hatari mbili tofauti, na sehemu kubwa ya bei ya kasha hulipia kinga dhidi ya ile ya kwanza.

Programu kubeba kazi ya chuma

Wazo kwamba diski nyingi za bei ndogo zinaweza kushinda moja ya bei kubwa lilitolewa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko walilolichapisha mwaka 1988. Waliliita wazo hilo RAID, na herufi ya tatu katika jina hilo ilisimamia neno lenye maana ya "nafuu". Baadaye watengenezaji wa vifaa wakaibadilisha isimamie neno lenye maana ya "inayojitegemea", kwa kuwa walichokuwa wakiuza hakikuwa nafuu tena. Ujenzi wa hifadhi kwa programu huria unalirudisha jina kwenye maana yake ya asili.

Utaratibu wenyewe hauhitaji zaidi ya hesabu za shule. Chukulia diski tatu zenye namba 5, 7 na 9. Diski ya nne huandikiwa jumla yake, 21. Diski yenye 7 ikifa, kompyuta hutoa 5 na 9 katika 21 na kuipata 7 tena. Zikifa diski mbili kwa pamoja, jumla moja haitoshi, kwa sababu kuna vitu viwili visivyojulikana na mlinganyo mmoja. Kwa hiyo diski ya tano huandikiwa jumla ya aina nyingine: namba ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, yaani 5 na 14 na 27, ambazo ni 46. Sasa 7 na 9 zikipotea zote mbili, milinganyo miwili inatosha kuzirudisha. Irving Reed na Gustave Solomon walionyesha mwaka 1960 jinsi ya kuendeleza mbinu ya namna hii kwa idadi yoyote ya vipande, na kanuni yao ndiyo inayowezesha CD yenye mikwaruzo kusomeka.

Backblaze ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015. Badala ya kulinda data ndani ya kasha moja, iliunganisha makasha 20 kuwa kundi moja. Kila faili hukatwa vipande 17, vikaongezwa vipande vitatu vya kufidia, na kila kipande kikawekwa katika kasha lake. Makasha yoyote matatu yanaweza kuzimika na faili ikasomeka bado. Ulinzi huo huhitaji nafasi ya ziada ya asilimia 18 hivi, ilhali nakala kamili ya pili ingehitaji asilimia 100. Mwaka huo huo kampuni iliitoa programu yake ya kukokotoa vipande hivyo iwe huria. Hapo ndipo siri ya unafuu inapoonekana: pawasaplai ya akiba ndani ya kasha haina haja tena, kwa sababu kasha zima limekuwa kipuri kinachoruhusiwa kufa.

Kanuni za kufidia, hata hivyo, zina udhaifu mmoja. Hufanya kazi diski inapokiri kwamba imeshindwa, lakini haziwezi kugundua diski inayodanganya. Biti moja inaweza kubadilika kwa sababu ya kebo mbovu, kadi yenye hitilafu au kasoro ya programu iliyomo ndani ya diski, na diski ikairudisha data iliyoharibika kana kwamba ni nzima. Kasoro hiyo ilitibiwa na ZFS, mfumo wa faili ulioanza kuandikwa mwaka 2001 na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems, ukatolewa kwa chanzo huria mwaka 2005, na tangu 2013 unaendelezwa kwa jina la OpenZFS. Kila kipande cha data kinapoandikwa, ZFS hukokotoa alama ya uhakiki wake na kuitunza mahali pengine, kwenye kipande kilicho juu yake katika mti wa faili. Wakati wa kusoma, alama hukokotolewa upya na kulinganishwa. Zikitofautiana, mfumo unajua ni diski ipi iliyodanganya, huijenga data sahihi kutoka kwenye diski nyingine, na kuirekebisha papo hapo.

ZFS pia haiandiki juu ya data iliyopo. Mabadiliko huandikwa mahali papya, na kielekezi huhamishwa baada ya uandishi kukamilika. Umeme ukikatika katikati, toleo la zamani linabaki zima. Hilo ni jambo zito katika miji ya Afrika Mashariki ambako umeme huenda na kurudi bila taarifa. Tabia hiyo hiyo huzaa faida nyingine: picha ya wakati, yaani kumbukumbu ya jinsi faili zote zilivyokuwa saa fulani, huundwa kwa sekunde na haichukui nafasi mpaka faili zianze kubadilika. Picha hizo zinaweza kutumwa kwenye kasha la pili, na baada ya safari ya kwanza husafirishwa tofauti tu.

Juu ya mfumo wa faili hukaa programu ya kugawa. Kompyuta za Windows huzungumza na Samba, kazi iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta za Linux hutumia NFS, itifaki iliyotoka Sun mwaka 1984. Fundi anayependelea kubofya kuliko kuandika amri atapata vyote hivyo vikiwa pamoja katika TrueNAS au OpenMediaVault, ambazo husimamiwa kwa kivinjari. Mtandao wenyewe ndio huwa mlango mwembamba: waya wa gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa kipimo cha juu kabisa, wakati diski moja kubwa ya kisasa huweza kusoma zaidi ya 200. Kununua diski za kasi kwa ajili ya ofisi yenye swichi ya gigabiti moja ni kutupa fedha.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza, na yenye madhara makubwa kuliko zote, ni kwamba RAID ni chelezo, ile nakala rudufu ambayo mafundi huiita bakapu. Sivyo. RAID hukinga dhidi ya kifo cha diski, basi. Karani akifuta folda kimakosa, RAID huifuta kwenye diski zote kwa uaminifu. Programu ya wahalifu ikizifunga faili kwa siri ili wadai fidia, RAID huzitunza faili zilizofungwa vizuri kama ilivyotunza za awali. Radi ikipiga, maji yakifurika au mwizi akabeba kasha, diski zote huondoka kwa pamoja. Picha za wakati hutibu makosa ya karani, lakini haziwezi lolote mbele ya mwizi. Ni nakala iliyo katika jengo lingine peke yake inayostahili kuitwa chelezo, na hii ndiyo sababu kasha la pili si anasa.

Dhana ya pili ni kwamba diski za bei ya kawaida hufa mapema na hazifai kazi nzito. Tangu 2013 Backblaze imekuwa ikichapisha takwimu za vifo vya diski zake, na kwa miaka mingi wastani umekuwa kati ya asilimia moja na mbili kwa mwaka, huku tofauti kubwa ikionekana kati ya modeli na modeli. Aina ya lebo iliyobandikwa haitoshi kutabiri lolote. Kwa kiwango cha asilimia 2, kasha lenye diski nane lina uwezekano wa asilimia 15 hivi wa kupoteza diski moja katika mwaka. Kifo cha diski basi si ajali. Ni gharama ya kawaida kama tairi la gari, nayo huwekewa bajeti kabla safari haijaanza.

Kuna hata hivyo aina moja ya diski ya kuepukwa. Ili kubana data nyingi zaidi, baadhi ya diski huandika mistari ikipandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya ile jirani. Diski hizo husoma vizuri, lakini wakati wa kujenga upya kundi lililopoteza mwenzao huzorota vibaya, hata mfumo ukazihesabu kuwa zimekufa. Mwaka 2020 iligundulika kwamba diski za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa matumizi ya hifadhi za mtandao bila kutajwa kwenye maelezo yake. Tangu hapo watengenezaji wamechapisha orodha, na mnunuzi hana budi kuisoma orodha hiyo kabla ya kulipa.

Dhana ya tatu ni kwamba ulinzi wa diski moja ya kufidia unatosha. Ulitosha zama za diski ndogo. Diski ya terabaiti 16 ikisomwa kwa megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua saa 22 kuisoma yote, na katika kazi halisi, hifadhi ikiendelea kutumika, kuijenga upya kunaweza kuchukua siku kadhaa. Katika muda huo kundi lenye ulinzi wa diski moja halina ulinzi wowote, na diski zilizobaki zinafanyishwa kazi ngumu kuliko siku zote. Isitoshe, diski hizo mara nyingi zilinunuliwa siku moja kutoka boksi moja, na umri wake ni mmoja. Kwa diski kubwa, ulinzi wa diski mbili ndio kiwango cha chini.

Dhana ya nne ni kwamba hifadhi za wingu zimeyamaliza haya yote. Wingu ni mahali pazuri pa nakala ya tatu, hasa kwa faili chache zisizo na mbadala. Lakini terabaiti moja ikipandishwa kwa mstari wa megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa, mstari ukiwa haukatiki na hautumiwi na mtu mwingine. Kituo chenye terabaiti 30 za video kingehitaji miezi tisa kupandisha, na baadaye kulipa kila mwezi bila mwisho. Siku ya janga, kuzishusha kungekuwa safari ndefu vilevile. Kwa data kubwa na intaneti nyembamba, diski iliyo katika jengo la pili hushinda.

Dhana ya tano ni kwamba huria maana yake bure. Leseni haina malipo, saa za fundi zina malipo. Tena neno huria lisichukuliwe kuwa limefunika kila kitu: michoro ya kasha inaweza kuwa wazi na programu ikawa wazi, lakini chipu za ubao mama na programu iliyochomwa ndani ya kila diski hubaki siri ya mtengenezaji. Uwazi unaopatikana leo unatosha kumpa mmiliki uwezo wa kurekebisha, kubadilisha na kuhama. Haujafika hatua ya kumwezesha kukagua kila biti inapopita.

Mchoro wa wazi na mipaka yake

Tangu Storage Pod, michoro ya wazi imeongezeka. Facebook ilianzisha Open Compute Project mwaka 2011, na miongoni mwa michoro iliyotolewa humo kuna Open Vault, kasha la trei mbili zenye diski 15 kila moja. Kiwanda cha Protocase cha Nova Scotia, Canada, kilichokuwa kikikunja bati za Storage Pod, kilizaa kampuni iitwayo 45Drives inayouza makasha ya ukoo huo huo kwa watu wengine. Michoro hiyo ina thamani hata kwa asiyejenga kitu cha ukubwa huo, kwa sababu inaonyesha jinsi wahandisi walivyotatua matatizo ambayo kila mjenzi hukutana nayo. La kwanza ni umeme wa kuwashia: diski ya inchi 3.5 hula wati 5 hadi 8 inapozunguka, lakini inapoanza kuzunguka huweza kudai wati 25, hivyo diski nyingi zikiwashwa kwa mpigo mmoja pawasaplai huzidiwa. Dawa ni kuziwasha kwa zamu. La pili ni mtetemo, kwa kuwa diski zilizobanwa pamoja hutikisana na vichwa vya kusomea hukosa shabaha. Dawa ni mpira au mfuniko unaozikandamiza. La tatu ni joto, linaloondolewa kwa feni zinazovuta hewa kupita katikati ya safu za diski.

Historia ya Backblaze inafundisha pia mipaka. Mafuriko ya Thailand mwishoni mwa 2011 yalifunga viwanda na bei ya diski ikapanda maradufu na zaidi. Kampuni iliokoka kwa kununua diski za nje za USB katika maduka ya rejareja na kuzibandua ganda, jambo lililowezekana kwa sababu mfumo wake haukulazimisha diski za chapa moja. Lakini kufikia mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilieleza kwamba imeanza kununua seva zilizoundwa na Dell badala ya kukunja bati zake, kwa kuwa bei za soko zilikuwa zimeshuka na kujenga hakukuwa na akiba ya kutosha tena. Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba kujenga kulikuwa kosa. Ukweli ni kinyume chake. Kampuni iliweza kuhama kutoka kasha moja kwenda jingine bila kuvunjika kwa sababu programu ya kulinda data ilikuwa mikononi mwake. Chuma kilikuwa kipuri cha kubadilishwa tangu mwanzo.

Namna ya kujenga

Kazi huanza na hesabu ya data. Zipimwe zilizopo, ongezeko la mwaka likisiwe, na zigawanywe katika mafungu mawili: zinazoweza kupatikana tena kwa jasho, na zisizoweza kupatikana tena kabisa. Chukulia taasisi yenye terabaiti 30. Diski sita za terabaiti 12 zenye ulinzi wa diski mbili hutoa terabaiti 48, na kwa kuwa ZFS hupungua kasi inapokaribia kujaa, asilimia 20 iachwe wazi. Zinabaki 38 za kutumia. Kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini, yenye nafasi ya kadi na rami ya gigabaiti 16, inatosha. Kanuni inayorudiwa kwamba kila terabaiti hudai gigabaiti moja ya rami si sharti la kiufundi kwa kazi ya faili za kawaida. Rami inayojisahihisha makosa ni bora, na seva zilizotumika huwa nayo kwa bei ndogo. Kadi ya kuunganishia diski iwe ile inayozipitisha diski zilivyo. Kadi ya RAID inayozificha nyuma yake huinyima ZFS uwezo wa kuona diski ipi inaongopa.

Kabla data haijawekwa, kila diski iandikwe na kusomwa yote mara moja, kwa sababu diski yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujifichua katika siku zake za mwanzo. Namba ya kila diski iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya kasha, ili siku ya kubadilisha fundi asichomoe iliyo hai. Yupiesi, yaani betri inayoshikilia mashine umeme unapokatika, iunganishwe kwa waya wa USB na programu ya NUT isanidiwe izime mashine kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Programu ya smartmontools iachwe ikisoma afya ya diski kila siku na kutuma taarifa, na uhakiki wa data zote ufanywe kila mwezi. Hifadhi isifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti. Anayeihitaji kutoka nje apitie njia iliyofichwa kama WireGuard. Umeme nao uhesabiwe: mashine ya wati 90 inayowaka mwaka mzima hula uniti 790 hivi.

Kasha la pili liwe dogo na la kawaida zaidi, na likae jengo lingine. Lisikubali kuandikiwa na la kwanza. Lenyewe ndilo livute picha za wakati kila usiku. Kwa mpangilio huo, mhalifu aliyeteka kasha la kwanza hana funguo za la pili. Diski moja ya akiba iwepo kabatini tangu siku ya kwanza, na bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la diski mpya.

Yote hayo hayajathibitika mpaka faili irudishwe. Kila robo mwaka, mtu ambaye si fundi aliyejenga achague folda moja, aihesabu kuwa imefutwa, na airudishe kutoka kasha la pili kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Akishindwa, maelezo yarekebishwe. Zoezi hilo hutibu udhaifu mkubwa kuliko wote wa hifadhi za kujijengea, nao ni ujuzi kukaa katika kichwa cha mtu mmoja ambaye kesho anaweza kupata ajira kwingine. Mahali ambapo hakuna fundi hata mmoja wa kudumu, wala hakuna aliye tayari kujifunza, kifaa cha chapa chenye mkataba wa huduma ni chaguo sahihi, mradi nacho kiwe na mwenzake katika jengo lingine.

Diski huendelea kubadilishwa moja moja kadiri zinavyochoka, na siku moja ubao mama nao hufa. Siku hiyo diski zote sita huchomolewa, huchomekwa katika kompyuta nyingine yoyote yenye OpenZFS, hata kama ni ya chapa na umri tofauti na hata kama mpangilio wa kebo umebadilika, na kwa amri moja ya kuliingiza kundi faili husomeka. Kasha la chapa likifa baada ya mtengenezaji kuacha kulihudumia, diski zake huenda zikalingoja kasha la aina ile ile ambalo haliuzwi tena.